Beji ya Bibi Iko Wapi

"Chai imemwagika."

Maeng Seo-rim aliyasoma maneno hayo, ishara ya siri ya kazini, kwenye simu yake ya Samsung, akaweka kijiko chini.

Bakuli la supu ya nguruwe mbele yake lilikuwa bado linatokota, wali umezama, majani ya kitunguu yanaelea. Alikuwa ameonja mara mbili tatu asisikie ladha yoyote. Supu haikuwa na kosa. Tangu baridi iliyopita, hakuna kitu kilichokuwa na ladha mdomoni mwake.

Mwenye mgahawa alimwona anavaa koti. "We dada, siku zote unakula kama mtu anayemeza dawa. Leo hata kumeza imekushinda?"

"Nitarudi, mama mdogo."

"Kurudi unarudi. Bakuli ndilo halijawahi kurudi tupu."

Nje, manyunyu yalikuwa yanaanguka juu ya Busan. Seo-rim aliingia kwenye Hyundai yake ya kijivu, akapachika kidude cha sauti sikioni, akaondoka kabla mkanda haujabana.

"Mizani," ilisema sauti, ikimwita kwa jina lake la kazini. Ilikuwa ya Mkuu wake, Bong Tae-ik, mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kusalimia.

"Nasikia."

"Seziamu. Kopo moja, ukubwa wa kidole gumba. Imetolewa kwenye mashine kuukuu ya hospitali, iliyokuwa inangoja kutupwa. Waliiba wakati wa sikukuu. Imegunduliwa leo."

"Mnunuzi?"

"Watu wanaotaka kuifunga kwenye bomu na kuilipulia sokoni. Wanaingoja ng'ambo, kisiwani Tsushima, nchi jirani. Inasafiri na meli ya asubuhi hii."

"Bandari ina lango la kupima mionzi."

"Limelia."

"Halafu?"

"Wakaruhusu kopo lipite."

Seo-rim alikanyaga mafuta.

Kabla ya ujasusi alikuwa mwanafizikia wa hospitali. Daktari humlinda mgonjwa dhidi ya ugonjwa. Kazi ya Seo-rim ilikuwa kumlinda kila mtu dhidi ya tiba. Alikuwa akipima mashine za mionzi kabla mgonjwa wa kwanza hajavua viatu, akikokotoa unene wa kuta, akigonga milango ya risasi, madini yale mazito yanayozuia mionzi, na kuisikiliza kama mtu anayechagua tikiti. Kila mwezi alikusanya beji za kupimia mionzi vifuani mwa wafanyakazi, akazisoma moja moja, ajue nani amepokea kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi. Ukiifanya vizuri, hakuna linalotokea, na hakuna anayejua kwamba ulikuwepo.

Aliyemfundisha yote hayo aliitwa Pyo Gyu-ho. Wanafunzi walimwita Mwalimu Pyo, na walimwogopa. Siku ya kwanza alimfukuza Seo-rim nje ya chumba cha mashine kwa sababu alikuwa amesahau beji. Alimwambia mtu asiyepimwa ni mtu asiyehesabiwa.

Idara ya usalama ilipotafuta mtu wa kuwinda mionzi iliyoibwa, Mwalimu Pyo ndiye aliyelitaja jina la Seo-rim.

Baridi iliyopita Seo-rim aliitwa kwenye yadi ya vyuma chakavu. Mume na mke walikuwa wameokota kipande cha chuma, wakakiweka chumbani, na wakashangaa kwamba kina uvuguvugu. Seo-rim alikipata. Alikipata akiwa amechelewa. Alisimama kwenye mazishi mawili bila chozi, akarudi nyumbani, na tangu hapo kila kitu kilikuwa kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno. Ulimi unagusa, lakini hakuna anayeitika.

Breki zilipiga yowe. Bandari.

Afisa wa lango alikuwa kijana mnene mwenye kikombe cha kahawa. Alieleza bila wasiwasi. Aliyeliza lango alikuwa bibi mmoja mchuuzi, anayevuka kila wiki na mizigo yake. Alikuwa ametoka hospitalini kutibiwa saratani ya tezi ya shingo kwa iodini yenye mionzi. Aliwavutia kola akawaonyesha kovu, akawauliza kama wanataka na kumbusu. Wakacheka, wakampisha. Wagonjwa wa aina hiyo walipita pale kila siku, na lango liliwalilia wote, kiasi kwamba maafisa hawakuinuka tena vitini.

"Mlitazama taa," Seo-rim aliuliza, "au mlisoma mchoro?"

Kijana aliacha kunywa kahawa.

Seo-rim aligeuza kioo cha kompyuta. Kila kitu chenye mionzi kina sauti yake, na mashine huichora kama kilima. Iodini ya bibi ilikuwa pale, kilima chake mahali pake. Nyuma yake, kilima kingine kilichochomoza kidogo tu. Udogo wake haukuwa wa kawaida, lakini mahali kilipokaa alipajua kama anavyoijua namba ya nyumba yake.

Seziamu.

Mtu alikuwa ameificha kengele yake nyuma ya kengele ya bibi. Mtu aliyejua bibi atameza dawa lini, na atavuka lini. Mtu wa hospitali.

Honi ya meli ililia.

Seo-rim alikimbia. Akaruka kizuizi, akampita mbeba mizigo, akapita kando ya mlinzi aliyenyoosha mkono. Ngazi ilikuwa imeanza kupandishwa. Aliruka, kiganja kikashika chuma chenye maji, goti likagonga. Lilichanika. Aliliona linatoka damu na hakulisikia sana.

Meli ikaondoka.

Chumba cha abiria hakikuwa na viti. Kilikuwa na sakafu iliyopashwa moto, na juu ya sakafu wachuuzi wanawake walikuwa wamejilaza na soksi zao, mgongo kwa mgongo, vifurushi pembeni. Chumba kizima kilinuka pilipili, ngisi mkavu na kimchi, zile kabichi zao zinazochachuka ndani ya mitungi.

Seo-rim alikuwa na chupa ya chai ya Zojirushi, iliyoning'inia begani tangu atoke garini. Nusu ya juu ilikuwa na chai ya shayiri. Nusu ya chini ilikuwa na jicho la kunasa mionzi, ambalo lilitetemesha mpini kadiri lilivyoikaribia mionzi. Alitembea kati ya miguu ya wanawake kama anatafuta nafasi ya kukaa.

Mpini ulitetemeka kidogo. Ukatetemeka zaidi. Ukawa kama nyuki aliyefungiwa kiganjani.

Bibi alikuwa kwenye kona, mdogo wa mwili, nywele zimesokotwa, kovu jipya shingoni. Alikuwa ameweka kichwa juu ya ndoo ya kimchi iliyofungwa kwa kitambaa cha waridi. Alikuwa anakoroma.

Seo-rim alisogea dirishani, akanong'ona.

"Mizani. Nimeipata. Simamisha meli."

"Hapana," alisema Bong. "Nataka na wanunuzi. Iache ifike."

"Kuna bibi ameilalia."

"Imefunikwa?"

"Kwa bati jembamba la risasi. Wamepunguza uzito ili aweze kuivuta. Kila dakika inaingia mwilini mwake."

"Ukiigusa, aliyeisindikiza atajua. Hatumjui ni nani. Anaweza kuifungua mle ndani. Usiiguse. Ni amri."

Seo-rim alikitoa kile kidude sikioni, akakidumbukiza ndani ya chai ya shayiri, akafunga kifuniko.

Akavua viatu, akakaa kwenye kona iliyo mbali kabisa na ndoo, akatoa mfukoni pakiti ya karata za maua. Akazitandaza juu ya blanketi jekundu.

Hakumwita mtu. Hakukuwa na haja. Sauti ya karata zile zikipigwa sakafuni ingemtoa mchuuzi wa Busan kaburini. Mwanamke wa kwanza alifungua jicho moja. Wa pili akajikokota kwa magoti. Punde duara lilikuwa limejaa, na Seo-rim alikuwa anacheza vibaya kwa makusudi, karata nzuri anaitupa, mbovu anaishikilia. Walimwonea huruma, kisha wakaanza kumcheka, kisha mmoja akauliza kwa sauti ya kutosha kama alijifunzia mchezo huu kanisani.

Kicheko kilimwamsha bibi. Alikaa, akatazama, na mkono ukamwasha kwa hamu ya kucheza.

"Nisogezeeni nafasi," alisema. "Huyu binti nimeletewa na mababu."

Alikuja. Ndoo akaja nayo, anaivuta kwa kamba ya kigari chake.

Mpini wa chupa ya chai ukaanza kuvuma.

Seo-rim alitazama uso wa bibi, mikunjo, meno mawili ya dhahabu. Alimuuliza jina. Geum-rye, bibi alisema, na usibadilishe mazungumzo, tupa karata. Seo-rim akatupa karata. Akauliza ndoo ni ya nani. Bibi akasema ni ya mpwa wa daktari mmoja hospitalini, yuko Tsushima, anatamani kimchi ya nyumbani. Daktari mwema sana. Alimshika mkono siku ya kumeza dawa. Ingekuwaje amkatalie mzigo mdogo kama huo, ingawa si mdogo, ni mzito kama kisirani.

"Ajabu," alisema Seo-rim polepole. "Haina harufu."

Karata zilisimama.

Wanawake wote waliinua pua. Kila mmoja mle ndani alikuwa ametia kabichi chumvi tangu utotoni. Sakafu ilikuwa ya moto, na kimchi ikikaa juu ya sakafu ya moto huamka, hutoa povu, hunuka mpaka jirani anajua. Ndoo hii ilikuwa imelala pale tangu bandarini, na haikutoa hata pumzi.

"Imezibwa vibaya," alisema mmoja, mwenye miwani. "Hewa inajikusanya ndani. Hiyo itapasuka. Ya dada yangu ilipasuka kwenye basi, mpaka leo dereva anamchukia."

"Ipelekeni nje kwenye baridi," alisema mwingine, huku akijivuta nyuma.

Bibi Geum-rye alisita. Alikuwa ameahidi asiiache.

"Nitakaa nayo mimi," Seo-rim alisema. "Wewe cheza karata zangu. Ni mbaya, lakini wewe unajua."

Bibi alizitazama karata za Seo-rim, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa nyumba iliyoungua, akakaa.

Seo-rim alishika ncha ya kamba, mbali iwezekanavyo, akaanza kuivuta ndoo kuelekea nje.

Hapo ndipo alipomwona.

Nje ya dirisha, mvuani, mwanamume mmoja alikuwa amesimama peke yake na mwavuli, wakati ndani kulikuwa na sakafu ya moto. Kati yake na ndoo kulikuwa na nguzo nene ya chuma. Ndoo iliposogea, naye alisogea. Ilipopita mlangoni, akazunguka kidogo. Kila hatua, nguzo ikabaki kati yake na ndoo, kama vile imefungwa kwa uzi.

Hakuna mtu anayesimama hivyo kwa bahati. Hivyo husimama mtu ambaye maisha yake yote amejifunza kuweka umbali, na kitu kizito katikati.

Mwavuli ulimficha uso. Lakini bega la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, na bega lile Seo-rim alilijua.

Hakusikia kitu moyoni. Alitegemea kusikia kitu.

Aliivuta ndoo hadi nyuma ya meli, akaiingiza nyuma ya gurudumu kubwa la kamba za nanga, chuma mbele na mapipa ya maji pembeni. Chupa ya chai ikatulia. Ndipo hatua zikaja kwa kasi, hazikuwa za mzee.

Kijana wa koti la ngozi. Kisu tayari mkononi.

"Rudisha ndoo, dada."

Bastola ya K5 ilikuwa chini ya koti la Seo-rim, lakini risasi ikikosea mahali kama pale inaweza kutafuta chuma isichotakiwa kukigusa. Alimwagia kijana chai ya moto usoni. Kisu kikapita, kikachana mkono wa koti. Alizunguka, akampiga kwa kitako cha chupa juu ya sikio. Kijana akaanguka magoti. Akampiga tena.

Akalala.

Seo-rim alimfunga mikono kwenye reli kwa kamba ya meli, akaokota kile kidude cha sauti kilichoanguka na chai, akakitia mfukoni. Pumzi yake haikuwa imebadilika. Hilo nalo aliliona, kama mtu anayesoma namba ya mashine.

"Ulikuwa mwanafunzi wangu bora," ilisema sauti nyuma yake.

Mwalimu Pyo alikuwa amesimama upande wa pili wa gurudumu, mwavuli mkononi. Hata sasa, upande sahihi.

"Toka hapo, Mwalimu."

"Unajua siwezi. Wala wewe usingetoka." Alitabasamu kwa uchovu. "Miaka yote ile nilihakikisha hakuna kinachotokea. Hakuna kilichotokea. Wakafunga idara yangu kwa sababu hakuna kinachotokea. Wakanipa saa ya ukutani kama shukrani, Seo-rim, na kazi ya kuwagawia wagonjwa dawa. Nani anamshukuru mtu kwa jambo ambalo halikutokea?"

Seo-rim alikuwa anamtazama kifuani.

Upepo ulikuwa umefungua koti la mzee. Juu ya mfuko wa shati, pale pale alipowafundisha, ilikuwa imebanwa beji ya kupimia mionzi. Safi. Imenyooka.

Alikuwa ameiba seziamu, ameiuza kwa wauaji, na asubuhi ya leo, kabla ya kutoka nyumbani, alikuwa amevaa beji.

"Yako itasoma karibu na sifuri," alisema Seo-rim.

Mzee alishusha macho, akaiona, na kwa mara ya kwanza akaonekana kushtuka. Mkono wake ulikwenda kuifunika.

"Mazoea," alisema.

"Beji ya bibi iko wapi, Mwalimu?"

Mzee alitazama mlango wa chumba cha abiria.

"Wewe ulimpa dawa. Ulimshika mkono. Ukamwekea hii kichwani kama mto. Beji yake iko wapi?"

Mwavuli wa Mwalimu Pyo ulilegea, upepo ukauchukua, ukaenda unabingirika baharini na hakuugeukia. Taratibu alitoka nyuma ya gurudumu, akaketi kwenye sitaha yenye maji, mtu mzima amekaa kama aliyeangushwa.

"Kwenye orodha ya wagonjwa alikuwa namba," alisema baadaye. "Nilidhani nitaweza kumwacha abaki namba."

Alieleza yote bila kuulizwa. Gari jeupe lingengoja gatini. Yeye ndiye angeshuka na ndoo, maana bibi angemkabidhi akiamini anampelekea mpwa. Kijana wa kisu angebaki melini.

Seo-rim alitoa simu ya akiba.

"Mizani. Kopo liko salama. Nahitaji sanduku zito na daktari gatini. Wanunuzi utawapata, kwenye gari jeupe."

"Nilikuambia usiiguse."

"Ndiyo, uliniambia."

"Wataifuata ndoo gani sasa?"

"Nitatafuta kimchi."

Mchuuzi mwenye miwani ndiye aliyeitoa, baada ya kuapishwa kwamba atalipwa nyingine, na baada ya kueleza kwa kirefu kwamba ya kwake ni bora kuliko yoyote watakayoipata. Waliifunga kwa kitambaa kile kile cha waridi.

Tsushima ilitokea katika mvua, kijani na kimya. Mwalimu Pyo, kama alivyokubaliana na Seo-rim, alishuka ngazi akiwa na ndoo hiyo mikononi, ameikumbatia, kwa sababu safari hii hakukuwa na cha kuogopa. Wanaume wawili walitoka kwenye gari jeupe. Mmoja aliushika mpini wa ndoo.

Wapakuaji wa samaki waliokuwa karibu waliweka masanduku chini wakawa polisi.

Haikuchukua muda. Risasi moja ilipigwa hewani, mtu mmoja alitupwa juu ya boneti, na ndoo ikaanguka ikapasuka. Kimchi ilitapakaa gati zima, nyekundu, na harufu yake ikapanda mpaka juu melini, ambako mwenye miwani aliwalaani polisi wa nchi mbili kwa uharibifu.

Pyo alinyoosha mikono mwenyewe. Kabla hawajamfunga pingu alibandua beji kifuani, akampa Seo-rim.

"Isomwe," alisema. "Ndivyo utaratibu ulivyo."

Seo-rim aliipokea. Hakuna kilichochoma, hakuna kilichouma.

Alimkuta Bibi Geum-rye kwenye benchi chini ya kibanda, kifurushi magotini. Daktari alikuwa amekwisha kumchukua damu. Seo-rim aliketi karibu naye akamwambia ukweli wote, polepole, bila kuupaka sukari, kwa sababu mwili ulikuwa wa bibi na si wa idara.

Bibi alisikiliza. Mvua iligonga bati.

"Aliniambia nisiogope," alisema mwishowe. "Daktari yule."

"Najua."

"Nitakufa?"

Seo-rim alikuwa amekwisha kukokotoa. Tangu bandarini mpaka kwenye karata, umbali, unene, muda. Alikuwa amerudia hesabu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Si kwa hili, bibi. Watakupima damu kwa wiki kadhaa, na mimi nitakuwepo. Lakini si kwa hili. Nilifika mapema."

 

Bibi Geum-rye alimtazama. Kisha akaingiza mkono kwenye kifurushi, akatoa yai la kuchemsha, na kwa ghafla, kama wanavyofanyiana watu kwenye mabafu ya mvuke, akalipasua kwenye paji la uso la Seo-rim.

"Kichwa kigumu," alisema bibi, akimenya. "Kucheza karata hujui, lakini kichwa ni kigumu. Kula."

Seo-rim alilichukua yai, akaling'ata. Bibi alikuwa amelipaka chumvi nyingi mno.

Alijua kwa ulimi wake kwamba ni nyingi mno. Aliacha kutafuna, kwa tahadhari, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka chumba cha pili.

Simu ililia.

"Ripoti," alisema Bong.

"Kopo limefungwa. Wanunuzi wamekamatwa. Bibi mzima. Hakuna kilichotokea."

"Na wewe? Unajisikiaje?"

Seo-rim alitafuna taratibu.

"Sijui bado," alisema. "Nitapima."

Akazima simu, akatia beji ya mwalimu wake mfukoni, akatoka kwenda mvuani bila mwavuli, na nusu ya yai mkononi.